Nikipiga Saa Tisa Usiku, Pokeeni

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Lexington, Kentucky. Naiweka nzima kwa ajili ya waliokuwa kazini. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Hazikuwa na lolote la ajabu.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, hamjambo? Ndugu Waislamu, asalaam aleikum. Wakristo, Bwana asifiwe. Vijana mliosimama mlangoni, viti vipo huku mbele. Njooni mkae, leo sikamati mtu.

Mwenyekiti ameniomba nieleze kazi yangu, maana mtaani kuna maneno. Wengine wanasema mimi ni polisi. Wengine wanasema ni wakili. Juzi kwenye duka la vyakula vyetu mama mmoja alinivuta mkono akaninong'oneza: "Mwanangu, si wewe ndiye unayetoa watu jela? Unachukua ngapi?" Mama, sichukui hata senti. Na sitoi mtu jela. Anayetoa ni jaji.

Mimi ni afisa wa mahakama ninayeshughulika na mtu tangu anapokamatwa hadi kesi yake inapoamuliwa. Jimbo zima la Kentucky, kaunti zote 120, lina maafisa kama mimi. Ofisi hufungwa jioni, lakini jela haifungwi. Watu wanakamatwa Ijumaa usiku, wanakamatwa Krismasi, wanakamatwa kwenye theluji. Kwa hiyo lazima mmoja wetu awe kwenye zamu ya simu. Usiku wa zamu yangu kompyuta inalala mezani jikoni, simu inalala kando ya sikio langu, na wanangu wamezoea kusikia mama anazungumza na jaji huku anakoroga chai.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu ameingizwa jela ya kaunti. Ndani ya saa 24 natakiwa kuzungumza naye: jina, makazi, anaishi na nani, anafanya kazi wapi, ni nani anayeweza kuthibitisha. Natafuta rekodi yake ya mahakama. Nafanya hesabu tuliyopewa ya kupima hatari yake. Kisha nampigia jaji wa zamu, namsomea niliyoyapata, naye anaamua: aende nyumbani kwa ahadi yake tu, aende kwa masharti, alipe dhamana, au abaki ndani mpaka asimame mbele ya mahakama.

Saa 24. Kongo tuna katiba ya 2006 inayosema polisi asikushikilie zaidi ya saa 48 bila kukufikisha kwa wenye mamlaka ya sheria. Kenya ni saa 24, Tanzania vilevile. Yanayotokea kweli kwenye vituo mnayajua, sina haja ya kuwakumbusha.

Kwa nini kazi hii ipo? Kwa sababu ya pesa. Mwaka 1961 kule New York kulikuwa na tajiri mmoja, Louis Schweitzer. Alisikitika kuona vijana wamejaa jela, hawajahukumiwa, kosa halijathibitishwa, wamekwama kwa kukosa dola chache za dhamana. Yeye na mwandishi wa habari Herbert Sturz wakaanzisha taasisi, wakaipa jina la mama yake Schweitzer, Vera. Wakawatuma wanafunzi wa sheria kwenye seli za mahakama za Manhattan wakaulize maswali mepesi: unaishi wapi, na nani, tangu lini, una kazi, una ndugu hapa? Aliyekuwa na mizizi mjini walimwombea kwa jaji aachiliwe bila pesa. Karibu wote walirudi siku ya kesi. Mwaka 1966 serikali ya Marekani ikatunga sheria ya dhamana kwa kufuata mawazo hayo. Kentucky ikaenda mbali zaidi: mwaka 1976 ikapiga marufuku biashara ya dhamana. Ndiyo, biashara. Ukivuka mpaka tu hapo Tennessee au Indiana utakuta ofisi za watu wanaokuwekea dhamana kwa ada, na ada hiyo huioni tena hata kesi ikifutwa.

Kwa hiyo nisikilizeni vizuri hapa. Mtu akikupigia na kusema mwanao yuko jela hapa Kentucky, tuma dola mia saba nimtoe, huyo ni nani? Huyo ni mwizi. Hapa hakuna kampuni ya dhamana. Dhamana hulipwa kwa mahakama au pale jela, unapewa risiti, na aliyewekewa akihudhuria kesi mpaka mwisho pesa hurudi, pengine zikiwa zimekatwa ada au faini. Si faini yenyewe. Si hongo. Na mimi simtumii mtu ujumbe wa kuomba pesa. Kamwe.

Na msidhani pesa za dhamana ni jambo dogo. Mwaka 2010, hukohuko New York, kijana wa miaka kumi na sita, Kalief Browder, alishtakiwa kuiba begi la mgongoni. Dhamana dola 3,000. Familia haikuwa nazo. Alikaa Rikers Island, jela ya jiji hilo, miaka mitatu, muda mwingi amefungiwa peke yake, na kesi haikusikilizwa hata siku moja. Mwaka 2013 mashtaka yakafutwa. Mwaka 2015 akajiua, ana miaka ishirini na miwili. Hata hapa kwetu majaji bado wanaweka dhamana za pesa, na ninapowaza ni nani anayebaki ndani Jumatatu asubuhi, kwa maoni yangu binafsi, mara nyingi si yule wa hatari. Ni yule asiye na dola mia tano. Sheria ya Kentucky ya 2011 imepunguza makali kidogo: kwa makosa mengi, mtu ambaye hatari yake imepimwa kuwa ndogo au ya kati huhesabiwa dola 100 za dhamana kwa kila siku anayolala ndani. Lakini siku tano ndani, ndugu zangu, kazi imeshapotea.

Sasa nije kwenye yanayotuhusu sisi hasa.

Ninapomhoji mtu simuulizi alichofanya. Narudia: simuulizi alichofanya. Sisi tumelelewa kwamba mtu mwenye heshima anajieleza. Kunyamaza ni kukiri. Usiku mmoja nilikuwa na mzee, mtu mzima wa kuheshimika, sauti inatetemeka. Kusikia tu Kiswahili changu akafunguka: "Binti yangu, sikiliza, ilikuwa hivi..." Nikamkatiza. Mimi, binti mdogo, nikamkatiza mzee. "Baba, niwie radhi, hayo usiniambie mimi. Mwekee wakili wako." Akaudhika. Akaanza tena kwa mlango mwingine: "Basi nikuambie tu kuhusu lile gari." Nikamkatiza tena. Mara ya tatu akanyamaza, akaniuliza kama nimetumwa na upande wa pili. Nilipomweleza kwamba hana deni la kunieleza chochote, kwamba hata kuzungumza nami anaweza kukataa, akacheka kwa uchungu: "Nimekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi nikihojiwa, hakuna aliyewahi kuniambia naweza kukataa."

Polisi unaweza kumwambia kwa heshima kwamba unataka wakili. Kama huna pesa, jimbo litakupa wakili wa utetezi bure, na ofisi hiyo ipo hapa tangu 1972. Mwambie huyo. Na mwambie kama wewe si raia, hata kama umekaa miaka ishirini. Mnamjua José Padilla? Mzaliwa wa Honduras, dereva wa lori, amepigana Vietnam kwa jeshi la Marekani. Alikamatwa na bangi hapahapa Kentucky. Wakili wake akamwambia asijali mambo ya uhamiaji, amekaa nchini muda mrefu. Akakiri kosa. Kumbe kukiri kule kulimfungulia mlango wa kufukuzwa nchini. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema wakili ana wajibu wa kumweleza mteja wake hatari hiyo. Kwa hiyo kabla hujasema "nakubali kosa, tumalize", uliza swali la Padilla.

Lugha pia. Mimi nikiwa kwenye zamu tutaongea Kiswahili. Wenzangu watampigia mkalimani, ni bure. Ombeni mkalimani. Najua wengi wenu Kiingereza cha kazini mnakimudu, lakini Kiingereza cha ghalani na Kiingereza cha mahakamani ni vitu viwili. Na ile tabia yetu ya kumwitikia mkubwa "ndiyo, ndiyo" kwa adabu, hata kama hatujaelewa, iacheni nyumbani. Mbele ya jaji "ndiyo" inaandikwa.

Halafu majina. Jamani, majina yetu!

Nani hapa karatasi zake zinasema alizaliwa Januari mosi? Nyoosheni mikono. Haya, tazameni wenyewe. Nusu ya ukumbi. Sote tulizaliwa siku moja! Kambini karani hakujua tarehe, akaandika 1/1. Na jina: Kigoma, Tanzania, wameandika Juma; Uvira, Kongo, wameandika Djuma. Huku Shabani, kule Chabani. Hassani, Assani. Baba ana jina lake, mtoto ana lake, hakuna la ukoo.

Sasa fikirini usiku niko mezani jikoni. Kuna binti ameingia jela kwa kuendesha gari bila leseni. Naandika jina lake na 1/1 na mwaka. Kompyuta inaniletea watu watatu. Mmoja wao aliwahi kuitwa mahakamani kaunti nyingine na hakufika, mara mbili. Mnajua maana yake? Hesabu yetu, ile Kentucky iliyoanza kuitumia 2013, inaangalia mambo tisa. Umri. Kosa la sasa kama ni la vurugu. Kama una kesi nyingine inayoendelea. Hukumu za zamani, ndogo, kubwa, na za vurugu. Kama uliwahi kufungwa. Na kama uliwahi kuitwa mahakamani usifike, miaka hii miwili au kabla yake. Haiulizi rangi yako, haiulizi umetoka wapi, haiulizi mshahara. Lakini kutofika mahakamani inakuhesabu vikali. Nikimwekea binti yule makosa ya mwenzake, jaji atasikia "hatari kubwa", na atalala pale.

Nikamuuliza urefu wake. Nikalinganisha. Yule wa rekodi ni mrefu karibu futi sita, binti huyu alisema, "Dada, mimi ni mfupi, hata kwenye kabati la juu sifiki." Nikahitaji mtu wa kuthibitisha. Akasema mama yake ana picha ya grini kadi yake kwenye simu. Nambari ya mama? Hajui. Ipo kwenye simu yake, na simu yake imefungiwa kwenye mfuko wa plastiki na askari wa jela.

Niwaulize. Nani hapa anaijua nambari ya mkewe kwa kichwa? Ya mumewe? Baba, naona unacheka, hebu itaje. ... Mnaona?

Binti yule akakumbuka nambari ya kanisa lake, kwa kuwa imeandikwa kwenye basi dogo linalowabeba Jumapili. Nikaipiga. Nikapata mtu, mtu akampata mama. Mama hakupokea. Nikapiga tena. Hakupokea. Baadaye aliniambia: "Nilijua ni matapeli, au ni watu wa uhamiaji." Namwelewa. Lakini mwanawe alikuwa anasubiri simu ile.

Basi hili ndilo nimekuja kuwaambia, na kama mtasahau mengine yote sijali. Mwanao, mdogo wako, mpangaji mwenzako akikamatwa, mtu atapiga simu saa tisa usiku kuuliza mambo matatu: unamfahamu? Anaishi wapi? Akiachiliwa ataenda wapi? Hataomba pesa. Hataomba nambari ya benki. Hatauliza karatasi zako wewe. Akiomba hivyo, kata simu. Lakini akiuliza hayo matatu tu, jibu ukweli. Usinitajie anwani ya kuficha ukidhani unamlinda. Usiseme "simjui huyo" kwa woga. Nimewahi kusikia shangazi anasema hamjui mtoto aliyemlea, kwa woga mtupu, na mtoto amekaa upande wa pili wa kioo ananitazama usoni ajue shangazi amesema nini. Unamwambiaje?

Wanaofanya kazi za usiku kwenye maghala, tafuteni ndugu mmoja anayelala na simu yake wazi. Andikeni nambari yake kwenye karatasi, wakariri watoto, wakariri wazee.

Jambo jingine ni gumu, na hapa wazee wangu mnisamehe, maana linawagusa ninyi moja kwa moja.

Mume na mke wamegombana. Majirani wamesikia, polisi wamekuja, mume amepelekwa jela. Jaji anapomwachilia kwenye kesi za namna hii, mara nyingi anaweka sharti: usimsogelee mkeo, usimpigie, usimtumie ujumbe, usirudi nyumba ile. Mume anatoka na karatasi mkononi. Nampitisha kwenye kila mstari kwa Kiswahili, ananijibu ameelewa, anaweka sahihi.

Baada ya siku chache wazee wanakaa. Wanafanya walivyofanya baba zetu: wanawaita wote wawili, wanasikiliza, mume anaomba radhi, mke anasamehe, chakula kinaliwa. Wanamsindikiza mume nyumbani kwa furaha. Mke mwenyewe ndiye aliyefungua mlango! Jumanne polisi wanapita kwa jambo jingine kabisa, wanaangalia vitambulisho, wanamkuta bwana sebuleni. Pingu. Sasa ana kosa jipya juu ya lile la kwanza, na nikimpigia jaji safari hii nitamwambia nini? Kwamba wazee walikubaliana?

Usuluhishi wenu siudharau. Umeokoa nyumba nyingi, na yangu imo. Lakini sharti lile si la mke, ni la jaji. Mke hawezi kuliondoa kwa kufungua mlango. Wazee hawawezi kuliondoa kwa maombi. Linaondolewa na jaji peke yake, wakili akiomba mahakamani. Kwa hiyo mkikaa, kaeni na mume peke yake, mtafutieni pa kulala, mpelekeeni nguo zake. Hiyo ndiyo kazi ya wazee wakati ule. Na mama zangu, nisikike vizuri: kuna nyumba ambazo sharti lile ndilo pekee linalomweka mama hai. Msimsukume mwanamke aseme amesamehe ili jumuiya isionekane vibaya.

La mwisho nililokuwa nalo ni kuhudhuria. Karatasi ya mahakama inasema siku na saa. Nenda. Ukiwa huna nauli, nenda. Ukiwa meneja amekatalia ruhusa, muonyeshe karatasi, nenda. Ukihama nyumba, tuambie anwani mpya, kwa sababu barua inakwenda ya zamani na jaji hajui kwamba umehama; anachoona ni kiti kitupu. Anatoa hati ya kukukamata. Hati hiyo haiozi. Inakusubiri siku utakaposimamishwa kwa taa ya gari iliyokatika, watoto wako kiti cha nyuma. Tunatuma ujumbe wa kukumbusha, lakini kwa nambari uliyotupa. Wangapi hapa wamebadilisha laini mwaka huu?

Maswali yalikuwa mengi, nitaandika majibu ya mawili.

Kaka mmoja aliuliza kama mimi ninawaita watu wa uhamiaji. Siwaiti, na mahojiano yangu na mtu ni siri ya mahakama. Ndiyo maana hata visa nilivyosimulia leo nimevichanganya, asiwepo wa kujitambua. Lakini sitawadanganya. Jela inachukua alama za vidole za kila anayeingia, zinakwenda FBI, wapelelezi wa serikali kuu, na FBI inazigawana na idara ya usalama wa ndani. Watu wa uhamiaji wakitaka, wanaweza kuiomba jela imshikilie mtu hadi saa 48 baada ya wakati aliopaswa kutoka. Kwa hiyo kama ndugu yako si raia, kabla hujalipa dhamana muulize wakili kama kuna ombi la namna hiyo. Wapo waliolipa Ijumaa, wakamsubiri mtu wao nje na koti mkononi, akatolewa kwa mlango mwingine.

Mama mmoja aliuliza kuhusu mwanawe wa miaka kumi na tano. Huyo hapiti kwangu. Walio chini ya miaka 18 wana afisa wao maalumu aliyewekwa na mahakama, na kesi nyingi ndogo anaweza kuzimaliza kwa makubaliano bila mtoto kufika mbele ya jaji. Naye anapiga simu kwa mzazi, mama. Saa yoyote.